Mjumbe Aliyekuwa na Jibu la Kila Swali

Mjumbe wetu alikuwa hanywi chai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa mtaani kwetu Chamazi walilomjua nalo kabla ya mengine yote, na waliotaka kumsema walianzia hapohapo. Alizaliwa wapi, ukoo wake ukoje, hayo waulizeni ndugu zake. Mie namjua kwa ujirani tu: kikohozi chake cha alfajiri, ufagio wake uani, na sauti yake akijibu maswali ya watu barazani.

Mtu asiyekunywa chai anaweza akawa fundi, akawa dereva, asisumbue mtu. Lakini mjumbe wa nyumba kumi kazi yake ni kuingia majumbani mwa watu. Mume kampiga mke, anaitwa mjumbe. Mtu kasogeza ukuta wake usiku, asubuhi mwenye kiwanja anamwita mjumbe. Na kila anakoingia anawekewa kikombe. Huyu wetu akiwekewa kikombe alikuwa anaweka mkono kifuani, anasema, "Nashukuru sana, ila dini yangu hainiruhusu." Watu wanaangaliana. Nguruwe tunamjua, pombe tunaijua. Dini inayokataza majani ya chai ndiyo kwanza tuisikie.

Kuna siku jambo hilo nusura livunje usuluhishi. Mjomba wangu, mzee wa Kizaramo mwenye maneno makali, alikuwa na ugomvi na mdogo wake juu ya nyumba ya urithi. Mjumbe akaja kuwapatanisha. Mjomba kammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, Mjumbe kaweka mkono kifuani. Mjomba akakiondoa kikombe, na kikao kikafia hapo. Jioni akaniita. "Huyo jirani yako," akasema, "kama ananiona mchawi, asije tena kunipatanisha." Maana kwetu sie, mtu anayekuja kusuluhisha halafu akakataa kikombe chako, anakwambia mbele za watu kwamba umemtilia kitu.

Nikaenda kumwambia Mjumbe. Alishtuka, nakumbuka, mpaka akakaa chini. Kesho yake asubuhi akarudi kwa Mjomba, hata salamu hazijaisha akaomba maji. Akasema anataka ya kwenye mtungi wa Mjomba mwenyewe, kwa kata yake Mjomba. Akanywa, akaomba tena, akanywa. Kisha akaanza kueleza habari ya chai na kahawa katika dini yake, toka mwanzo, bila kuruka kitu, mpaka Mjomba mwenyewe akachoka. "Yatosha bwana, nimekuelewa," akasema. "Tuongee nyumba sasa." Na wakapatana, yeye na mdogo wake, mpaka leo hawajarudia.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza kitu anakujibu mpaka unajuta.

Alikuwa miongoni mwa hawa wanaoitwa Wamormoni, ingawa jina hilo alikuwa halipendi. Alikuwa anasema kanisa lao lina jina lake kamili, analitaja lote, refu, na sie tukimaliza kulisikia tunarudi kumwita Mmormoni. Zamani alikuwa Mlutheri kama mkewe. Uongofu wenyewe ulimjia kwa njia ya kazi, na hilo hunichekesha mpaka kesho. Vijana wawili wa Kizungu, mashati meupe, tai, vibao vyeusi vya majina kifuani, walionekana wanatembea kwenye vumbi la Chamazi wanapiga hodi kwa watu. Sasa mgeni akiingia mtaani anapelekwa kwa mjumbe ajieleze. Watu wakawapeleka. Yeye akawakalisha ili awahoji wao ni nani na wanatafuta nini. Akawahoji siku hiyo, akawaambia warudi hajamaliza. Wakarudi. Akaendelea kuwahoji wiki baada ya wiki, na mwisho wa mahojiano akabatizwa.

Mkewe, Mama Neema, aliniambia, "Mama Zuhura, mie nilijua wale watoto watafukuzwa. Kumbe wametunyakulia mzee."

Yeye hakubatizwa. Alibaki na Walutheri wake na kwaya yake ya akina mama, na Jumapili asubuhi ungewaona wanatoka pamoja, wamependeza, wanafika njia panda, huyu anakwenda huku na yule kule. Watu walisema ndoa haitadumu. Ilidumu vizuri kuliko za wengi waliosema.

Basi maswali yakaanza, na Mjumbe akawa kama amepata kazi ya pili. Jioni alikuwa anakaa kwenye baraza lake, mimi ng'ambo ya pili kwenye genge langu la mboga, na kila apitaye ana lake. Kila swali, liwe la heshima au la dharau, alikuwa analipokea kwa maneno yaleyale: "Swali zuri." Kijana wa bodaboda alimuuliza eti kweli Wamormoni wana nguo za ndani za uchawi. Mie nilitaka kumrushia nyanya. Mjumbe akasema, "Swali zuri. Sheikh ana kanzu, padri ana joho lake, kila mtu anaona. Wenzangu waliokwenda hekaluni wanavaa ya kwao ndani, inawakumbusha ahadi waliyomwekea Mungu. Na wewe ukiulizwa ya kwako ya ndani, utaonyesha?" Kijana akacheka, akawasha pikipiki.

Wakamuuliza kama anamwamini Yesu. Akasema ndiyo, jina lake lipo hata kwenye jina la kanisa, ninyi hamtaki tu kulisoma lote. Wakamuuliza kama wana Biblia yao. Akasema Biblia ni hiihii, ila wana kitabu kingine pembeni, akawa tayari kukileta, watu wakakumbuka wana safari. Wakamuuliza mchungaji wao analipwa nini. Akasema halipwi, kiongozi wao kule ni fundi wa mafriji, Jumapili anahubiri na Jumatatu anatengeneza friji.

Swali la wake wengi nilimuuliza mie. Nilikuwa na haki nalo, kwa sababu marehemu mume wangu mie alinioa mke wa pili. Nikamwambia, "Mjumbe, nasikia kwenu mnaoa mnavyotaka."

"Swali zuri. Hayo yalikuwepo enzi za mwanzo, yakakomeshwa. Leo akionekana mtu ana wawili, anatolewa."

"Yaani mume wangu asingepokelewa?"

"Asingepokelewa, Mama Zuhura."

"Basi kwenu hamna ladha," nikamwambia, na Mama Neema akacheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa ameketi pale anachambua mchicha. Nami nikaendelea kumchokoza mzee: "Sasa huko peponi kwenu, mnakosema mtu na mkewe wanakaa milele, sie wake wenza tutapangwaje? Na aliyeolewa mara mbili?"

Nilitegemea jibu refu. Akasema tu, "Swali zuri. Mungu atapanga." Nikaona Mama Neema ameacha mchicha anamtazama mumewe, anangoja aendelee. Mzee hakuendelea, maana kulikuwa na mtu anabisha hodi.

Mambo mengine ya dini yake tuliyapenda bila kuyaita ya dini. Jumatatu jioni alikuwa hashughuliki na kesi. Jioni hiyo ni ya familia, wanakaa pamoja, wanaimba, wanasoma kidogo, wanacheza michezo, wanakula bisi. Mtaa mzima ulijua. Ukimpelekea ugomvi Jumatatu anakwambia kupitia dirishani, "Nendeni mkalale, mkiamka bado mnagombana, njooni." Na ukweli ni kwamba kesi nyingi zilikuwa zinafia hukohuko usingizini. Neema, binti yao wa pekee, alipoolewa akahamia Mwanza, nilidhani Jumatatu zitaisha. Hazikuisha. Walikaa wawili, yeye na mkewe, wanacheza karata, na Mama Neema alikuwa anamwibia wazi, mie nilikuwa nasikia kicheko mpaka kwangu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuwa anafunga, na chakula ambacho angekula anapeleka thamani yake kwa wenye shida. Siku hiyo Mama Neema, asije akamtia mzee majaribuni kwa harufu ya vitunguu, alikuwa anabeba sufuria yake anakuja kupikia kwangu. Ukija mwezi wetu wa Ramadhani, Mjumbe naye alikuwa anakwenda kijiweni kuwakataza vijana wa bodaboda wasile mihogo mbele ya wanaofunga. Hakuna aliyemtuma.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka na ubishi wa kuchosha. Kelele za singeli alizichukia, akipita kijana na spika yake anamfuata mpaka kona anamfokea. Halafu kesho yake alfajiri anafagia uwanja, anaimba singeli ileile kwa sauti ya chini, na maneno anayajua yote. Nikimwambia anasema nimesikia vibaya.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo mie sikulielewa kwake hata kidogo. Dini yake inataka mtu ajue wazee wake, babu na babu wa babu, kwa majina. Walio hai wanabatizwa kwa niaba ya waliokufa, na aliyekufa huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Bila jina huwezi kumfanyia mtu chochote. Kwa hiyo Mjumbe alikuwa anawatafuta wazee wake kama mtu anayetafuta kuku waliopotea, anapiga simu kijijini, anauliza shangazi, anauliza makaburi. Lakini kwa walio hai alikuwa hataki kusikia ya nyuma. Katika kesi zake, mtu akianza, "Mjumbe, mwaka ule huyu alinifanyia…" anamkata. "Ya nyuma tuyaache. Leo mnataka nini?" Na mara nyingi ilisaidia, siwezi kusema haikusaidia.

Kwa mkewe alifanya hivyohivyo. Alipomwoa aliambiwa huyu binti ameshaolewa mara moja huko kwao Songea, mume amefariki. Yeye akajibu ya huko yabaki huko. Alilisema kwa uungwana. Alitaka bibi yule aingie nyumbani kwake bila kuhojiwa, na mwanamke gani asingefurahi kwa hilo? Mama Neema mwenyewe alinisimulia, akasema siku ile alimpenda zaidi. Miaka ikapita, na hakuna aliyelifungua tena.

Sasa nije kwenye lililomla roho.

Kwao ndoa ya kanisani haitoshi. Mume na mke wanakwenda hekaluni, na hekalu lenyewe kwetu halipo, ni kusafiri nje ya nchi. Huko wanafungwa pamoja, na kufungwa huko hakuishi mtu akifa. Wanakuwa mume na mke milele, na watoto wao ni wao milele. Mjumbe alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Lakini huwezi kwenda na mke Mlutheri. Mke lazima abatizwe kwanza, naye Mama Neema alikuwa hataki. Kila baada ya muda mzee alikuwa analianza upya, kwa upole, na kila mara anarudi mikono mitupu.

Mara moja nilikuwepo. Tulikuwa uani kwao tunachambua mchele, mie na Mama Neema, mapema mchana. Mzee akaja na picha ya hekalu kwenye simu, jengo jeupe, maua mbele. Akachuchumaa karibu na mkewe akamwonyesha. Akaeleza tena, kama vile hajawahi kueleza.

Mama Neema akamwambia, "Baba Neema, mie nilikula kiapo mbele ya mchungaji. Mpaka kifo kitutenganishe. Kiapo kimoja kinanitosha."

"Hapo ndipo penyewe," mzee akasema. "Kwa nini kitutenganishe? Ndicho ninachokueleza." Akaeleza tena. Alikuwa anajibu hofu ya maji ya ubatizo, ambayo mkewe hakuwa nayo. Akajibu habari ya kumwacha Luther, ambayo hakuulizwa. Akajibu watu watasema nini. Mama Neema anapepeta mchele tu, anaitikia, "Nakusikia." Mwisho mzee akasimama, magoti yanalia, akatoka. Uso wake nilishindwa kuutazama.

Nikamwambia shoga yangu, "Mbona unamtesa mtu wa watu? Si umkubalie tu, maji ni maji."

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanieleza. Yule mume wake wa kwanza alikuwa kijana wa kampuni ya barabara, si mtu wa Songea, alikuja na kazi. Walioana yeye akiwa msichana mdogo. Hawakumaliza hata mwaka pamoja, kifusi kikamwangukia machimboni walikokuwa wanachota kokoto. Waliwahi kumfikisha hospitali akiwa anaongea. Alimwambia mkewe, wewe usiogope, mie nakwenda kukusubiri. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

"Mie dini ya Baba Neema siiamini," Mama Neema akasema. "Ila je, ikiwa kweli? Nikifungwa na huyu milele, nikafika kule nikamkuta yule amesimama ananingoja, nitamwambia nini?"

Nikamwambia amweleze mumewe.

"Nimweleze ajione wa pili? Baba Neema nampenda, Mama Zuhura. Huyu ndiye niliyezeeka naye. Sitaki alale na hilo." Kisha akanishika mkono. "Na wewe usimwambie nikiwa hai."

Hilo la kumwibia karata, la kumpikia mbali siku ya mfungo, la kumficha yule kijana wa barabara, kwake yote yalikuwa jambo moja. Alikuwa anamtunza.

Mama Neema alikufa kwa presha, ghafla, hakuugua. Msiba ule watu wa Chamazi tuliukumbuka kwa jinsi Mjumbe alivyouendesha. Kanisa lake lilikuja, mashati meupe, wakakaa nyuma kwa adabu. Lakini aliyezika ni mchungaji wa Kilutheri, na kwaya ya akina mama iliimba mpaka sauti zikakauka, kwa sababu Mjumbe alisema, "Huyu ni wao. Azikwe na watu wake." Mie pale nikamwona ni mwanaume kweli. Kahawa ilipopita barazani, akasimama mwenyewe kuhakikisha wazee wa kwetu wanamiminiwa.

Nikajua pia nini kitafuata, maana alishanieleza siku za nyuma. Kwao mume anaweza kumfanyia mkewe yote hayo baada ya kifo. Anabatizwa mtu kwa niaba yake, kisha mume anafungwa naye. Haikupita muda mrefu nikahamia Kimbiji kwa binti yangu Zuhura, kumsaidia kulea. Kule nikasikia kwamba Mjumbe amesafiri kwenda hekaluni. Nikasema limekwisha. Marehemu alinifunga mdomo akiwa hai, na sasa mzee amepata alichokitaka, nifukue cha nini? Nikamwombea tu heri.

Nilirudi Chamazi mwaka huu, nimekuja kuangalia nyumba yangu niliyoipangisha. Ujumbe alishauacha, wamemweka kijana. Baraza lake lina vumbi, na ukijua jinsi yule mzee alivyokuwa anafagia utaelewa nilivyoshtuka. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Mjumbe wa nini tena, Mama Zuhura. Karibu." Amepungua, shati limemzidi, anatembelea fimbo. Akanichemshia mchaichai mwenyewe, akakataa nimsaidie. Tukaulizana habari za watoto. Neema anamtaka Mwanza, hataki kwenda. Nikadhani nitamfurahisha, nikamwambia, "Angalau lile la hekalu ulilifanikisha. Nilisikia, nikafurahi."

Ilikuwa jioni, watu wanapita, hakuna anayesimama kuuliza kitu.

"Nilifika," akasema. "Nikaingia, nikafanya ya kwangu mimi. Ilipofika zamu yake, yule mama wa mapokezi akaniuliza kwa upole, marehemu ni nani. Nikashindwa kusema. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi."

"Kwa nini, Mjumbe?"

"Kwetu marehemu ana hiari. Anaweza kukataa." Akawa anazungusha kikombe chake mkononi. "Huku duniani alinikataa miaka yote ile, nikavumilia, nikasema ipo siku. Sasa nikifungwa naye, na huko nako akanikataa, mimi nitabaki na siku gani tena? Nikaona bora nisijue."

Basi moyo uliniuma, nawaambia. Mtu amebeba hilo peke yake muda wote huo, anaamka nalo, anakula nalo, na halikuwa kweli. Sikufikiri sana. Nikamweleza yote. Kijana wa barabara, kifusi, maneno ya hospitalini. Nikamweleza alivyosema, nikifika nikamkuta amesimama nitamwambia nini. Nikamweleza na lile la huyu ndiye niliyezeeka naye, nikalirudia mara mbili alisikie vizuri.

Alinisikiliza bila kunikatisha. Katika kumjua kwangu kote, hiyo ndiyo mara pekee.

"Kwa hiyo hakuwa ananikataa mimi," akasema.

"Hata kidogo."

"Mbona hakuniambia?"

"Hukumuuliza, Mjumbe. Kila alipokwambia hapana, ulikuwa unamjibu."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kueleza, ila imechoka, "Na jambo lenyewe lina jibu. Mwanamke aliyeolewa mara mbili, akishafariki, anaweza kufungwa na waume zake wote wawili. Kisha huko anachagua mwenyewe. Ningemwambia hivyo. Ningemwambia, mama, hakuna atakayeachwa amesimama." Akanigeukia. "Tutamfanyia. Na yeye yule kijana tutamfanyia. Jina lake nani?"

Mama Neema alimwita "yule", alimwita "mwenzangu wa kwanza", alimwita "marehemu". Jina hakunitajia, nami sikuwa na haja nalo siku ile.

"Silijui," nikasema.

"Kwao wapi?"

"Alisema hakuwa mtu wa Songea. Zaidi ya hapo sijui."

Akaanza kuwahesabu waliokuwa wanaweza kujua. Mama mkwe, amekufa. Kaka wa Mama Neema, amekufa. Shangazi mmoja yupo ila hatambui watu. Kila akimtaja mtu anajijibu mwenyewe. Mzee yule aliyekuwa anapiga simu vijijini kuulizia majina ya mababu ambao hakuwahi kuwaona, alilala kitanda kimoja na aliyelijua jina hili, miaka na miaka, asimuulize, kwa uungwana kabisa. Mwisho akaishiwa watu wa kuwataja.

Nilifikiri ataniuliza kitu kuhusu yeye mwenyewe, kama alikuwa mume mwema, kama mkewe alilalamika. Ningekuwa na ya kumpa. Hakuuliza hayo.

"Mke wangu alimpenda?" akaniuliza. "Huyo kijana."

Hilo nilikuwa nalijua. Ningeweza kulipunguza, nikaona si haki kumpunguzia mtu aliyechelewa namna ile kuuliza.

"Sana," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini, akatazama njiani.

"Afadhali," akasema. "Basi huko aliko mama hayuko peke yake."